Moto Huamuliwa Kabla Haujawaka

Ndugu zangu wakulima, wafugaji, warina asali, wachoma mkaa, walinzi wa misitu na nyote mnaoishi jirani na pori, asanteni kwa kuja.

Pori likiungua, swali la kwanza huwa lile lile: nani kawasha? Ni swali la haki na lina watu wake wa kulijibu. Lakini njiti ya kiberiti ikidondoka kwenye nyasi zilizotoka kunyeshewa huzimika yenyewe, na njiti kama hiyo ikidondoka hapo hapo miezi mitatu baadaye inakula bonde zima. Mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni hali ya nyasi, hewa na upepo, na sehemu kubwa ya hayo husomeka wiki kadhaa kabla. Nimeombwa nizungumzie vyanzo vya moto wa nyika, athari zake kwa ardhi na viumbe, na namna ya kuuzuia. Nitaanzia kwenye kuni, maana asiyezielewa kuni ataishia kulaumu njiti.

Kwa kuni nakusudia kila kitu kinachoweza kuungua porini: nyasi, majani yaliyopukutika, vijiti, matawi, magogo, hata mizizi iliyooza. Kila kimoja hukauka kwa mwendo wake, na mwendo huo hutegemea unene. Nyasi na vijiti vyembamba kuliko milimita 6 hufuata hali ya hewa ndani ya saa moja hivi. Kijiti cha hadi milimita 25 huchukua kama saa 10. Tawi la hadi milimita 75 huchukua saa 100, yaani siku nne na ushee. Gogo nene zaidi ya hapo huhitaji karibu saa 1,000, ambazo ni wiki sita. Hapo mtaona kwa nini mvua ya alfajiri haimpi mtu ruhusa ya kuchoma shamba saa nane mchana: magogo yamelowa, lakini nyasi zimekwisha kauka kana kwamba haikunyesha. Mtaona pia kwa nini moto wa mwisho wa kiangazi hauzimiki kirahisi. Wakati huo magogo nayo yamekauka hadi kiini, na yatafuka kwa siku nyingi baada ya miali kupita.

Nyasi kavu zenye unyevu unaozidi takriban asilimia 20 hadi 25 ya uzito wake mkavu hazisambazi moto vizuri. Zikishuka chini ya asilimia 10, cheche moja inatosha. Na bonde ambalo nusu ya nyasi zake bado ni kijani moto hauendi mbali. Utaungua hapa na kuruka pale, kisha ufe. Kwa anayetaka alama ya haraka, wazima moto wa nchi nyingi hutumia 30 tatu: joto juu ya nyuzijoto 30, unyevu wa hewa chini ya asilimia 30, upepo juu ya kilomita 30 kwa saa. Zikikutana zote siku moja, usiwashe chochote nje, hata jiko la kambini.

Ongeza mlima. Kwa kila nyuzi 10 za mwinuko, kasi ya moto unaopanda huongezeka takriban maradufu. Moto wa kilomita 2 kwa saa kwenye tambarare unakuwa wa 4 kwenye mwinuko wa nyuzi 10, na wa 8 kwenye nyuzi 20. Sababu yake ni nyepesi: miali huinamia nyasi zilizo juu yake na kuzikausha kabla haijazifikia. Ukishuka, kasi hupungua vivyo hivyo. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa ukingoni mwa kilele, juu ya korongo lenye majani, imejengwa mahali pabaya kuliko zote, hata kama mandhari yake ndiyo iliyomvutia mwenyewe.

Kuna hesabu moja ndogo ninayotaka kila kiongozi wa kikosi cha kijiji aijue. Iliandikwa mwaka 1959 na mtafiti wa Marekani, George Byram. Inapima nguvu ya moto kwa kila mita ya ukingo wake, na unaipata kwa kuzidisha vitu vitatu: joto la kilo moja ya kuni, ambalo ni kama kilojuli 18,000, uzito wa kuni kwa kila mita ya mraba, na kasi ya moto kwa mita kwa sekunde. Chukua nyasi za tani 4 kwa hekta, yaani kilo 0.4 kwa mita ya mraba. Moto ukisukumwa na upepo kwa nusu mita kwa sekunde, unapata kilowati 3,600 kwa kila mita. Sasa linganisha na uwezo wetu. Watu wenye matawi mabichi, reki na majembe humudu hadi kilowati 500 hivi. Kutoka hapo hadi 2,000 unahitaji maji ya kutosha na mashine. Ukizidi 4,000, hakuna wa kusimama mbele yake.

Punguza nyasi hizo nusu kwa kulisha mifugo au kuzifyeka na kuziondoa: 3,600 inakuwa 1,800, hata kama kasi haikupungua. Au acha nyasi zote zilivyo, lakini washa upande ambao moto utalazimika kwenda kinyume na upepo kwa sentimita 5 kwa sekunde: unapata 360. Shamba lile lile, nyasi zile zile, na tofauti ni mara kumi. Yote nitakayosema baadaye kuhusu kinga yanatoka kwenye hesabu hii.

Tuje kwenye vyanzo. Radi huwasha moto, hasa ile inayopiga kabla mvua haijafika chini, na kuna misitu ya kaskazini ya mbali ambako radi ndiyo inayounguza eneo kubwa zaidi. Lakini karibu na makazi, sehemu kubwa ya moto huwashwa na watu: kusafisha mashamba, kuotesha malisho mapya, kuwinda, kurina asali kwa mwenge, tanuri la mkaa lililoachwa bila mtu, kipande cha sigara, cheche za kuchomelea vyuma, gari lililoegeshwa juu ya nyasi huku bomba lake la moshi likiwa la moto, nyaya za umeme. Wapo pia wanaochoma kwa makusudi, kwa chuki au kuficha ujangili.

Katika orodha hiyo, kinachostahili muda wetu zaidi ni moto wa shamba uliomponyoka mwenye shamba, kwa sababu huyo hakukusudia ubaya na anafundishika. Kosa lake la kawaida ni saa. Huanza saa mbili asubuhi, hewa ikiwa ya baridi na umande ungalipo. Moto unasuasua, naye anaongeza mahali pa kuwasha. Kufikia saa sita jua limekausha kila kitu, unyevu wa hewa umeshuka, upepo umeamka, na ana moto sehemu tano huku watu wake wamechoka. Akianza saa kumi alasiri, kila saa inayopita inakuwa upande wake: joto linashuka, unyevu unapanda, upepo unalala. Abaki tu na watu wa kukesha.

Na moto mdogo haubaki mdogo kwa kuwa ni mdogo. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871, upepo mkali ulivikuta viota vingi vya moto vya kusafishia ardhi na vya kando ya reli huko Peshtigo, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ukavikusanya kuwa moto mmoja. Walikufa watu zaidi ya 1,200. Nyaya za umeme nazo zisidharauliwe: moto wa Novemba 2018 uliouteketeza mji wa Paradise, California, na kuua watu 85, ulianzia kwenye kulabu ya chuma iliyolika kwa miaka mingi juu ya mnara wa umeme. Ikakatika siku ya upepo.

Sasa athari. Hapa ndipo penye maneno mengi yasiyo sahihi, ya wanaosema moto daima ni adui na ya wanaosema moto daima hurutubisha.

Savana ni nchi iliyokua pamoja na moto. Nyasi zake huchipua kutoka vikonyo vilivyo chini ya udongo, na miti yake ina magome mazito. Bila moto wala walaji wa majani, savana yenye mvua ya kutosha hujifunga kwa vichaka. Katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, kuna vipande vya majaribio ambavyo vimechomwa kwa ratiba tofauti tangu miaka ya 1950: vingine kila mwaka, vingine kila miaka miwili au mitatu, vingine havichomwi kabisa. Moja ya yaliyoonekana ni kwamba moto wa mara kwa mara hubadili ukubwa wa miti kuliko idadi yake. Mti unabaki kichaka: unachipua, unaungua hadi chini, unachipua tena. Ili uokoke lazima kichwa chake kipande juu ya miali, kama mita 2 au 3, kabla ya moto unaofuata. Ukiupa nafasi ya miaka kadhaa bila moto mkali, unapata mti. Ukichoma kila mwisho wa kiangazi, unapata fito.

Ipo mimea inayoungoja moto. Koni za msonobari uitwao lodgepole zimezibwa kwa utomvu, na joto ndilo linaloziyeyusha zimwage mbegu. Moto wa mwaka 1988 ulipopita katika zaidi ya hekta 300,000 za hifadhi ya Yellowstone, wengi walidhani msitu umekwisha, na miaka michache baadaye miche ilikuwa imejaa majivuni. Mbegu nyingine huamshwa na kemikali zilizomo kwenye moshi. Kuna hata mbawakawa wa jenasi ya Melanophila wenye viungo vya kuhisi joto la moto kutoka mbali. Wao huja wakati wengine wanakimbia, wakataga mayai kwenye miti iliyotoka kuungua.

Lakini msitu wa mvua ni habari nyingine kabisa. Miti yake ina gome jembamba kwa sababu haikuwahi kuhitaji nene. Moto unaotambaa chini, wenye miali isiyofika goti, unaoonekana hauna madhara, hupasha moto shina hadi tabaka hai lililo chini ya gome life. Mti hauanguki siku hiyo. Unakufa baadaye, taratibu, na wapita njia wanadhani ni ugonjwa. Miti ikifa, paa la msitu linafunguka, jua linafika chini, majani makavu yanaongezeka, nyasi zinaingia kutoka pembezoni. Moto wa pili unakuta kuni nyingi na kavu zaidi, na unaua hata miti mikubwa iliyoshinda ule wa kwanza. Ndiyo maana katika misitu ya aina hii moto wa kwanza, hata ukiwa mnyonge, ndio wa kuzuia kwa nguvu zote.

Ardhi nayo ina hesabu zake. Moto wa nyasi hukaa mahali pamoja kwa sekunde chache, na sentimita 3 chini ya udongo joto hupanda kidogo tu. Mbegu, mizizi na mchwa hubaki salama. Gogo linalofuka siku nzima ni kitu kingine: udongo chini yake hufikia nyuzijoto mamia. Kuanzia nyuzijoto 200 hivi, naitrojeni iliyomo kwenye mboji huanza kupotea kwa moshi. Majivu yanabaki na potasiamu, kalisi na magnesi, na hupunguza uchachu wa udongo, kwa hiyo mazao ya msimu wa kwanza hupendeza. Mvua ya kwanza kubwa au upepo hubeba mengi ya hayo majivu. Anayechoma kila mwaka anatumia akiba ya naitrojeni na mboji bila kuirudisha, na majivu hayamwonyeshi hasara hiyo mapema.

Kuna jambo lisilofahamika sana: udongo uliopata joto la kati, kama nyuzijoto 175 hadi 200, unaweza kukataa maji. Nta na utomvu wa majani huyeyuka kuwa mvuke, hushuka sentimita chache na kugandia chembe za udongo uliopoa. Mwaga maji juu ya tabaka hilo uone. Matone yanasimama kama juu ya kitambaa cha mwavuli. Mvua ikija inateleza badala ya kuzama, ikichukua majivu na udongo hadi mtoni. Samaki hufa kwa tope na kukosa hewa, na matangi ya maji hujaa mchanga. Mafuriko mengi ya baada ya moto huanzia hapo.

Ardhi ya mboji nzito, ile iliyojengeka majini kwa maelfu ya miaka ya mimea isiyooza, huungua yenyewe. Katika Kalimantan ya Kati, Indonesia, miaka ya 1990 mifereji mirefu ilichimbwa kukausha mabwawa ya mboji ili kulima mpunga. Kiangazi kikali cha 1997, kisha kile cha 2015, mboji iliyokauka ikawaka chini kwa chini kwa wiki nyingi, na moshi ukafunika nchi jirani. Huwezi kuuzima moto huo kwa kupiga. Unahitaji maji yarudi. Indonesia baadaye iliweka kanuni kwamba maji yasishuke zaidi ya sentimita 40 chini ya uso wa ardhi ya mboji, na kuziba mifereji kukawa ndiyo kazi kubwa ya kinga.

Nitaje pia majani ya kigeni. Majani ya gamba, ambayo asili yake ni Afrika, yalipelekwa kaskazini mwa Australia kama malisho. Huko huota hadi mita 4 na kubeba moto mkali mara kadhaa kuliko nyasi za mahali pale, kiasi cha kuua miti iliyozoea moto. Lahaina, Hawaii, Agosti 2023, mji ulikuwa umezungukwa na mashamba ya miwa yaliyoachwa na kumezwa na nyasi ngeni. Walikufa watu wapatao 100. Shamba lililotelekezwa ni hatari ya moto kwa jirani, hata kama mwenyewe hajawasha kitu.

Kuhusu wanyama nitakuwa mfupi. Wakubwa wengi hupita kando ya moto, na wachimba mashimo huokolewa na udongo. Wanaokufa ni kobe, vinyonga, konokono, makinda yaliyo viotani. Njaa na kukosa maficho huua wengine wiki zinazofuata. Makadirio ya Australia baada ya moto wa 2019 na 2020 yalifika karibu wanyama bilioni 3 waliouawa au kupoteza makazi.

Kabla ya kinga, onyo dhidi ya kuvuka mpaka upande wa pili. Mwaka 1935 idara ya misitu ya Marekani iliamua kwamba kila moto uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Ilifanikiwa kwa miaka mingi, na mafanikio hayo yalilundika kuni katika misitu ya misonobari mikavu, ile iliyozoea moto mdogo wa chini kila baada ya miaka kadhaa. Moto ulipokuja, ulipanda hadi vilele vya miti. Anayezuia moto wote anaahirisha, na riba inakua.

Kinga ya kwanza basi ni kuni, na ya pili ni wakati. Barabara ya moto, yaani ukanda uliosafishwa ili moto ukose cha kula, hukutanisha vyote viwili. Kwenye tambarare yenye nyasi, upana uwe angalau mara tatu ya kimo cha nyasi, na penye nyasi ndefu usishuke chini ya mita 10. Kwenye mwinuko ongeza. Isafishwe hadi udongo uonekane. Njia rahisi kwa watu wa mkono ni kusafisha mistari miwili ya mita 2, iliyoachana mita 10 hadi 15, kisha kuchoma kilicho katikati wakati nyasi za nje bado zina ubichi. Mlimani, iweke nyuma ya kilele, upande ambao moto utakuwa unashuka. Ukiiweka katikati ya mteremko, magogo yanayowaka yatabiringika na kuivuka; ikibidi kuwa hapo, chimba mfereji wenye ukingo upande wa chini. Penye mteremko mkali usilime, fyeka tu, la sivyo utabadilisha moto kwa korongo.

Makosa yake yanajulikana. Nyasi zilizofyekwa hulundikwa pembeni mwa barabara, zikawa kuni kavu mahali pabaya kuliko zote, zitawanye mbali. Kisiki kilichooza huachwa katikati, na moto hupita kwenye mizizi yake. Tawi la mti mkavu huning'inia juu. Na barabara husafishwa Mei, ikifika Septemba imejaa majani. Kwa maoni yangu, barabara isiyofagiliwa upya ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana watu huiamini. Tena, hata iliyo safi haiwezi peke yake kusimamisha moto wenye upepo, kwa kuwa cheche huiruka. Kazi yake ni kuwapa watu mahali pa kusimama na pa kuanzia moto wao wenyewe.

Uchomaji wa mapema hufanywa mwanzoni mwa kiangazi, vichwa vya nyasi vikiwa vimekauka huku udongo bado una maji na mabonde yangali kijani. Wazawa wa kaskazini mwa Australia wamechoma hivyo tangu kale, na mradi ulioanza mwaka 2006 katika Arnhem ya Magharibi umefufua desturi hiyo kwa kusudi la kupunguza moto mkali wa mwisho wa kiangazi pamoja na hewa chafu inayotoka humo. Taratibu ni hizi. Pata kibali na uwajulishe majirani siku moja au zaidi kabla. Subiri upepo mwepesi wenye mwelekeo mmoja. Upepo uliotulia kabisa hauaminiki, kwa sababu utakapoamka hujui utatoka wapi. Choma kwanza kipande kidogo cha mita 5 kwa 5 uone tabia ya moto. Kisha anza upande ule upepo unakoelekea, kwenye barabara ya moto, ili moto urudi nyuma kinyume na upepo. Acha ule polepole hadi upate ukanda mweusi wa mita 20 au zaidi. Halafu fuata mbavu mbili, yaani pande za kando. Mwisho kabisa, ukitaka, washa upande upepo unakotoka. Moto utakimbia na kukuta nyasi za mbele zimeshaliwa. Mtu akigeuza mpangilio huu, akaanza na upande wa upepo kwa haraka ya kumaliza, amejitengenezea zile kilowati 3,600.

Usichome eneo lote kila mwaka. Gawanya vipande na uchome kimoja kati ya vitatu au vinne kwa zamu. Moto wa mapema ukirudiwa hapo hapo kila mwaka huzikuta nyasi kabla hazijarudisha akiba mizizini, na huunguza mbegu ambazo bado hazijaanguka.

Warina asali, tumieni bomba la kufukizia badala ya mwenge, na majivu yake yamwagiwe maji shimoni. Wachoma mkaa, tanuri liwe kwenye uwanja uliosafishwa hadi udongo, mita 5 kila upande, mbali na chini ya mteremko, na pasikose mtu usiku. Mkaa uliofukuliwa ukae wazi saa 24 kabla ya kupakiwa, maana huwaka tena ndani ya gunia.

Nyumba nyingi huwashwa na cheche zinazotangulia, mara nyingi ukuta wa miali ukiwa bado mbali. Mita moja na nusu kuzunguka ukuta kusiwe na chochote cha kuungua. Kutoka hapo hadi mita 10, nyasi zisizidi sentimita 10 na matawi ya chini ya miti yakatwe hadi mita 2 kutoka ardhini. Kuni za jikoni zikae mita 10 kutoka nyumbani. Matundu ya hewa yawekewe wavu wa chuma wa milimita 3 au chini yake, na mifereji ya paa isafishwe majani.

Moto ukishatoka, umjue: una kichwa kinachokimbia mbele na upepo, mbavu mbili za kando, na mkia unaobaki nyuma. Kikosi huanzia mkiani, penye mahali palipokwisha ungua, na kupanda na mbavu, mguu mmoja ukiwa karibu na weusi, yaani palipokwisha ungua. Mwenye bomba la mgongoni la lita 15 au 20 hutangulia kuvunja miali, wapigaji wawili wanafuata, mwenye reki nyuma yao, na wa mwisho huangalia kinachowaka upya. Kupiga ni kukandamiza na kuburuta kuelekea weusi; anayenyanyua tawi hadi kichwani anarusha cheche. Vaeni pamba na viatu vya ngozi. Nailoni huyeyukia mwilini.

Mtu mmoja asizime chochote. Kazi yake iwe kutazama upepo. Victoria, Australia, tarehe 7 Februari 2009, upepo uligeuka jioni na ubavu mrefu wa moto ukawa kichwa. Siku hiyo walikufa watu 173. Kila mtu ajue njia mbili za kutokea kabla hajaanza, na asipande mlima moto ukiwa chini yake. Mwaka 1949, kwenye bonde la Mann Gulch huko Montana, wazima moto walikimbizwa na moto wa nyasi kuelekea juu. Kiongozi wao, Wagner Dodge, aliwasha nyasi zilizo mbele yake, akalala kwenye majivu yake mwenyewe, akapona. Wengine 13 hawakupona. Weusi ndio usalama.

Miali ikizimika, kazi imefika nusu. Ingieni ndani ya weusi mita 30 kutoka ukingoni, mgeuze kila gogo, kisiki na kinyesi kikavu, mkipima kwa mgongo wa mkono uliokaribishwa bila kugusa. Penye joto chimbeni, mwagieni maji, koroga, pima tena. Rudini kesho yake kati ya saa sita na saa tisa, wakati ambao kitakachowaka kitajionyesha. Ramani za setilaiti zinasaidia, na ni bure, lakini chombo chenye uwezo wa kuona vipande vya mita 375 hupita mara chache kwa siku, karibu na saa saba na nusu ya mchana na ya usiku. Moto ulioanza alasiri huenda usionekane huko hadi katikati ya usiku. Mlinzi aliye kilimani bado ana kazi.

Baada ya hapo, zuieni mifugo hadi nyasi mpya zishike mizizi, kwa sababu machipukizi ya kwanza yanakula akiba ya mwisho ya mmea. Kwenye mteremko lazeni magogo yaliyoungua kwa kukingama, yakigusa udongo urefu wote, kabla ya mvua ya kwanza. Wala msikimbilie kukata miti iliyonyauka. Kwangua gome kidogo, upana wa kidole, pande nne za shina: tabaka lililo chini likiwa na unyevu na rangi nyeupe au ya kijani, mti uko hai, likiwa la kahawia na kavu pande zote, umekufa. Penye shaka, ngojeni msimu mzima wa mvua upite ndipo mpime tena.